Kurasa Arobaini na Mbili za Mama Faili

Daftari jekundu lilisema kengele ilitundikwa miaka arobaini kabla ya kuanguka. Daftari la bluu likasema hamsini na miwili. Mama Faili akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena na kusoma upya, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye vioo. Halikuwa kwenye vioo. Mwandiko ulikuwa mmoja, mkono ule ule wa mdogo wake, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Na bado madaftari mawili yalikuwa yanabishana kama mawifi.

"Mungu akurehemu," alisema kwa sauti, peke yake mle chumbani, "lakini hapa umenikomesha."

Chumba chenyewe kilikuwa cha kazi ya marehemu. Mdogo wake alikuwa mchora mabango, na watu wote walimwita Brashi. Wiki tatu tangu wamzike, makopo ya rangi yalikuwa bado yamepangwa chini ya dirisha, mengine yameshaota ngozi juu kama maziwa yaliyopoa. Bango la kinyozi lilikuwa limeegemezwa ukutani, mtu kachorwa nusu kichwa kina nywele na nusu hakina, na hakuna aliyejua kama ndivyo lilivyotakiwa au kifo kilimkuta njiani. Juu ya mlango kilining'inia kibao chake mwenyewe: FUNDI YUPO. Kibao hicho hakikuwahi kuondolewa, awepo asiwepo. Wateja walishagombana naye kwa sababu hiyo miaka kumi na minane. Sasa Mama Faili naye alikitazama, akataka kugombana naye, na hakuwa na wa kugombana naye.

Yeye alikuwa karani wa masjala ya hospitali, mwaka wa ishirini na sita huu. Jina la Mama Faili alipewa na wauguzi, akalikataa, likamganda. Alikuwa na sheria moja aliyoiandika kwa kalamu nene na kuibandika juu ya dirisha lake: MGONJWA MMOJA, FAILI MOJA. Aliwahi kumgundua mzee mmoja mwenye mafaili matatu: moja la mguu, moja la macho, moja la presha, kila daktari anaandika lake. Akayaunganisha, na ndipo ikaonekana dawa ya huku inaharibu kule. Mzee yule mpaka leo akipita dirishani huvua kofia. Kwa hiyo usimwambie Mama Faili kwamba karatasi ni karatasi tu. Kwake yeye, mahali penye maelezo mawili ya jambo moja, kuna mtu anaumia.

Na hapa palikuwa na maelezo mawili ya kila kitu.

Mambo yalianzia kwa Kibodi. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi wa kompyuta mwenye kiduka kando ya kituo cha mafuta. Miaka minne iliyopita alimwita Brashi amchoree bango. Brashi akaja na ngazi, akachora herufi tatu, akashuka kunywa maji, akaanza kuhadithia. Mpaka jioni bango lilikuwa bado lina herufi tatu, lakini Kibodi alikuwa ameshika tama. Tangu siku hiyo wakawa wanatengeneza gemu pamoja, ile michezo ya kompyuta ambayo mchezaji anajifanya mtu fulani katika nchi isiyokuwapo, anatembea, anazungumza na watu, anachagua upande wa kupigania. Kibodi alitengeneza nchi. Brashi akatengeneza sababu ya watu wake kuchinjana.

Sababu ilikuwa hii. Kulikuwa na watu wa mlimani walioitwa Wanajivu, wafua vyuma, na watu wa tambarare nyeupe walioitwa Wachumvi. Zamani walikuwa ndugu. Walikaa pamoja katika mji mmoja bondeni, wakatengeneza kengele kubwa ya kuonya mafuriko. Wanajivu wakaifua, Wachumvi wakasuka kamba yake, ikatundikwa juu ya mlima mahali panapopita upepo. Siku moja adhuhuri maji yakaja. Kengele haikulia. Ilikuwa imeanguka. Mji ukazama na watu wake. Wanajivu wanasema Wachumvi waliikata kamba. Wachumvi wanasema Wanajivu waliichoma kengele kwa moto mpaka ikapasuka, na kipande chake ndicho kilichokata kamba. Wakaanza kupigana, na sasa ni mwaka wa mia tatu. Kambi ya tatu ni walinzi wa kengele, Wanyamavu, ambao siku ile walikuwapo wakaona kila kitu, kisha wakaapa wao na vizazi vyao kutosema.

"Mtu mzima," Mama Faili alikuwa akimwambia mdogo wake, "una watoto wa watu wanakusubiri uwachoree mabango, wewe unaamua ugomvi wa watu ambao hawajazaliwa."

"Siamui, Dada," Brashi alikuwa akijibu. "Hapo ndipo usiponielewa. Mimi siamui."

Tangu utoto alikuwa hivyo. Walipolala chumba kimoja, yeye ana miaka minane na dada yake kumi na mitatu, kulikuwa na taifa la mvunguni na taifa la nyuma ya kabati, na kiatu kilichopotea kilikuwa mateka wa vita. Dada alikuwa akisinzia katikati ya hadithi. Asubuhi humkuta mdogo wake hajamaliza hesabu za shule, basi anamfanyia haraka haraka huku uji unapoa, ili asichapwe. Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote: kuumalizia mkia wa kila alichokianza Brashi. Bango la duka la dawa lilikaa miezi miwili bila herufi ya mwisho, akaenda yeye mwenyewe na ngazi.

Sasa Kibodi alikuwa amempigia simu siku ya Jumatatu, sauti imekauka. Kampuni iliyokubali kulitoa lile gemu ilikuwa imesoma madaftari mawili, jekundu na la bluu, na haikufurahi. Historia imejaa migongano, walisema. Iwekwe sawa na iletwe yote kufikia Ijumaa saa tisa alasiri. La sivyo wanaye mwandishi wao, tayari ameshaandika hadithi nyingine yenye mazimwi, wataibandika juu ya nchi ile ile, na jina la Brashi litaondoka kwenye orodha ya waliolitengeneza.

"Litaondoka kabisa?" Mama Faili aliuliza.

"Dada, kama hakuna neno lake ndani, wataliweka kwa lipi?"

"Unataka nifanye nini?"

"Aliniambia madaftari ni matatu na yote yamekamilika. Mimi nina picha za mawili. La tatu ni jeusi, la Wanyamavu. Lazima liko chumbani kwake. Litafute tu, Dada. Na ukipata nafasi, niangalizie hiyo miaka."

Alilipata Jumanne, chini ya kopo la rangi ya kijani. Daftari jeusi la jalada gumu. Ndani ya jalada Brashi alikuwa ameandika kwa zile herufi zake za mabango, zenye kivuli upande mmoja: USHAHIDI WA WANYAMAVU. Kisha namba za kurasa, moja mpaka tisini na sita, zote kwa mkono, zimepambwa kila moja na kistari chini yake. Ukurasa wa mwisho, katikati: MWISHO.

Kati ya jalada na Mwisho hapakuwa na neno hata moja.

Mama Faili aligeuza kurasa zote. Akazigeuza tena kuanzia nyuma. Akalikung'uta daftari labda kuna karatasi iliyochomekwa. Kisha akakaa kwenye ngazi ya kazi ya mdogo wake, akahisi hasira inampanda kutoka magotini. Ndiye huyo huyo! Kapamba namba, kaandika Mwisho, kazi yenyewe hakuigusa. Mtu wa kuchora bango kabla ya duka kujengwa. Na akamwambia Kibodi imekamilika!

Hasira ilipotulia kidogo ikaja aibu, na aibu ilikuwa nzito zaidi. Kwamba mgeni atajua. Kwamba watu wa kampuni wataandika, "Marehemu hakumaliza." Marehemu husitiriwa. Hilo alifundishwa tangu utotoni, na kila Jumapili alilisikia kanisani kwa namna moja au nyingine. Hakumpigia Kibodi simu. Alitoa kalamu yake ya masjala mkobani, ile yenye wino usiofutika hata kwa maji, akaketi mezani.

Kilichomsukuma hasa hakikuwa hicho tu. Siku ya mwisho hospitalini, ghorofa mbili juu ya masjala yake, Brashi alimshika mkono akaanza: "Dada, wale Wanyamavu, nataka nikwambie..." Naye alikuwa na foleni dirishani na kipimo cha damu cha kufuatilia. Akamwekea mto vizuri, akasema, "Pumzika kwanza. Utaniambia kesho." Brashi akacheka kwa ile pumzi ndogo iliyobaki. "Haya. Wewe utanipanga tu rafuni kama mafaili yako." Kesho yake hakuamka. Faili lake lilikuwa juu ya meza ya Mama Faili mpaka leo, wiki ya tatu. Kila asubuhi alipaswa kulihamishia rafu ya waliofariki, na kila asubuhi alilisogeza upande, akapiga muhuri mafaili ya wengine.

Basi akaandika. Siku mbili, Jumanne na Jumatano, katika wiki ya likizo ya msiba aliyoichukua. Alichora mstari katikati ya karatasi, Wanajivu huku, Wachumvi kule, kama anavyofanya na mafaili mawili ya mgonjwa mmoja, akaanza kuondoa tofauti. Miaka ya kengele? Arobaini na hamsini na miwili, akaweka arobaini na sita. Nani alikuwa zamu? Wote wawili, kwa kupokezana. Kila alipokwama alimlaumu marehemu.

"Huyu jemadari amekufa mara mbili!" aliwahi kupiga kelele nyumbani, madaftari yametapakaa juu ya meza ya chakula. "Jekundu kauawa kwa usaliti, bluu kafa kwa kuhara!"

Mama yao, ambaye alikuwa na miaka sabini na tisa na alikuwa kibarazani anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. "Kwani nani anasimulia?"

"Mama, jambo limetokea au halikutokea."

"Muulize marehemu baba yako tulikutana wapi, na unije uniulize mimi. Utadhani ni ndoa mbili."

"Mama, nina kazi."

"Na mimi nina maharage. Nimekuzuia?"

Kikabaki kile kikubwa: nani aliangusha kengele. Mama Faili alikizunguka jioni nzima ya Jumatano. Aliomba, kweli aliomba, viwiko juu ya daftari: "Baba, nionyeshe alichotaka kusema." Hakuonyeshwa kitu. Ukimya ule ule wa wiki tatu. Akajikuta anawaza kwamba hata Mungu naye amejiunga na Wanyamavu, akashtuka, akaomba msamaha, akashika kalamu. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja akaandika kwa mwandiko wake safi wa kiofisi:

"Baada ya uchunguzi imebainika kuwa kamba ilikuwa chakavu. Haikukaguliwa kwa wakati. Hakuna upande wenye hatia."

Akaongeza ukurasa mmoja wa mapendekezo kuhusu ukaguzi wa kamba. Akafunga daftari, akajisikia kama mtu aliyefua na kuanika.

Alhamisi mchana Kibodi alikuja nyumbani na kompyuta yake begani. Alimwamkia mama kibarazani, akapewa kiti mezani, na daftari jeusi likawekwa mbele yake. Alilishika kwa mikono miwili. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasimama, akakaa. Akasoma mpaka mwisho. Mama Faili alisubiri shukrani.

"Dada," Kibodi alisema hatimaye. "Umewapatanisha."

"Ni vibaya?"

Kibodi alivuta kiti karibu. Alifungua kompyuta, akaandika kitu kwa haraka kwa vidole vyake viwili viwili, kisha akaigeuza ili Mama Faili aone. Kwenye kioo kulikuwa na mlima mweusi, moshi, na askari wamesimama na mapanga. Mgeni mdogo mwenye joho alimsogelea jemadari wa Wanajivu. Maneno yakatokea chini. Jemadari alisema: *Kamba ilikuwa chakavu. Hakuna upande wenye hatia. Pole kwa safari.*

Kisha jemadari akasimama. Mgeni naye akasimama. Nyuma yao askari mmoja aliyekuwa na panga mkononi, hana wa kumpiga, alianza kutembea taratibu mpaka akaufikia ukuta, akaendelea kuutembelea ukuta ule ule, miguu inakwenda, yeye haendi.

"Ndilo gemu hilo sasa," Kibodi alisema. "Vita vya miaka mia tatu vimekwisha kabla mchezaji hajafika. Anakuja, anapewa pole, anarudi kwao."

"Walisema migongano!" Mama Faili alifoka. "Wewe mwenyewe uliniambia niangalie miaka! Mimi nimekaa siku mbili, macho yameniuma, mgongo umeniuma, nimemsafishia mtu historia yake, leo unaniambia nimewapatanisha kama nimeua!"

"Nilisema uangalie, Dada, sikusema uandike! Na la tatu liko wapi? Nilikuomba la tatu!"

"Si hilo umeshika!"

Kibodi alilitazama daftari. Akalifungua ndani ya jalada, akaziona zile herufi zenye kivuli. Uso ukamshuka. "Umeandika juu ya maneno yake?"

"Maneno gani? Lilikuwa tupu!" Ikabidi amwage lile alilolificha. "Tupu kama sahani ya jana. Namba tu na Mwisho. Hakumaliza. Hakuanza hata! Nimemsitiri ndugu yangu, na ningefanya tena."

"Aliniambia limekamilika. Aliniambia, 'Limebaki kupigwa picha tu, ukurasa kwa ukurasa.' Mtu hasemi hivyo kwa daftari tupu!"

"Wewe humjui. Huyo alitundika kibao cha Fundi Yupo na yeye hayupo!"

Sauti zilikuwa zimepanda mpaka kuku wa jirani wakanyamaza. Ndipo mama akaingia na ungo wake wa maharage, akauweka juu ya kiti, akawatazama mmoja mmoja.

"Hao watu waliapa nini?"

"Mama, tafadhali..."

"Nimeuliza. Waliapa nini?"

"Kutosema," Kibodi alisema.

"Sasa mtu ameapa asiseme, nanyi mnatafuta kaandika nini?" Mama aliuchukua ungo wake. "Na shule mmesoma, nyote wawili."

Akarudi kibarazani.

Askari kwenye kioo aliendelea kuutembelea ukuta. Kibodi alikuwa wa kwanza kufunika mdomo kwa mkono. Mama Faili aliona namba za kurasa upya, zilivyopambwa, kila moja na kistari chake, kazi ya siku nzima kwa mtu asiyemaliza chochote. Tisini na sita. Hakuruka hata moja. Mchezaji angetoka kwa Wanajivu ameshiba ushahidi wao, akaenda kwa Wachumvi akashiba wao, kisha angepanda mlima mpaka kwa wale waliokuwapo, angekabidhiwa kitabu cheusi, angegeuza kurasa. Angegeuza mpaka Mwisho. Halafu ingembidi aamue mwenyewe. *Siamui, Dada. Hapo ndipo usiponielewa.*

Kitu pekee ambacho mdogo wake aliwahi kukimaliza maishani, yeye ndiye aliyekivuruga. Kwa wino usiofutika.

"Nitanunua jingine," alisema.

"Kwa mkono wa nani?" Kibodi aliuliza, si kwa ukali.

Ijumaa asubuhi Mama Faili alikwenda hata hivyo kwenye maduka matatu ya vifaa vya shule. Daftari kama lile halikuwapo. Kulikuwa na yenye picha za mipira na yenye picha za maua. Muuzaji mmoja akamwambia, "Mama, chukua hili la maua, ndani yote ni sawa." Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Saa tano alikuwa katika kiduka cha Kibodi, wembe mpya mkononi, sindano nene na uzi mweupe wa kufungia mafaili. Alikuwa ameandika kurasa arobaini na mbili. Zilibaki hamsini na nne ambazo kalamu yake haikuzigusa. Hilo aliliweza, kazi ya kuondoa karatasi kwenye jalada bila kuua jalada aliifanya kila wiki. Ukizing'oa mzizini, nusu ya pili ya daftari inalegea. Kwa hiyo ukate ukiacha ukingo wa upana wa kidole, kisha ushone kingo pamoja. Alikata karatasi ya kwanza. Nyuma ya kila upuuzi wake aliona namba ya mdogo wake inakwenda nao. Tatu. Nne. Tisa. Kumi. "Nisamehe," alinong'ona kila mara, na baadaye akachoka kunong'ona, akakata tu kwa hasira, meno ameyauma. Alipomaliza, karatasi ishirini na moja zilikuwa pembeni, na ndani ya daftari vimebaki vishina ishirini na kimoja vimeshonwa safi. Baada yake, ukurasa wa arobaini na tatu, mweupe.

Kibodi akaanza kupiga picha.

"Nikifikiria," alisema baada ya ukurasa wa hamsini, "tunapiga picha hewa."

"Piga. Usiruke."

"Kuna doa hapa. Sabini na moja. Rangi ya kijani, kidole gumba. Nilisafishe kwenye kompyuta?"

Mama Faili alisogea. Lilikuwa doa kamili, na mistari yake yote, na kovu dogo katikati alilolipata kwa kopo la rangi mwaka ule walipochora ukuta wa kliniki. Kidole cha mtu aliyekuwa akikagua kazi yake. "Ukilisafisha tutakosana," alisema.

Saa nane na dakika arobaini walituma: picha za madaftari matatu, na barua ya mistari sita ambayo Kibodi aliiandika na Mama Faili akaifuta mara mbili. Barua haikutetea miaka. Ilisema tu kwamba wa mlimani wana yao, wa tambarare wana yao, na waliokuwapo wameapa. Kisha wakakaa. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya na Mama Faili hakuwa hodari wa kutokuwa na kitu cha kufanya. Akapanga nyaya za Kibodi kwa urefu. Kibodi akamwomba aache.

Ijumaa haikujibu. Jumamosi haikujibu. Jumapili alikwenda kanisani akasimama, akakaa, akasimama, asikumbuke waliimba nini. Jumatatu alirudi kazini. Saa nne simu ikalia.

"Wamejibu," Kibodi alisema. "Mstari mmoja tu."

"Soma."

"'Kurasa arobaini na mbili za kwanza nani kazichana?'"

Mama Faili aliweka muhuri mezani. "Basi. Wamejua. Nimemharibia."

"Ngoja, Dada. Nikawajibu. Nimewaambia: Wanajivu wanasema ni Wachumvi, Wachumvi wanasema ni Wanajivu. Dakika kumi hazikupita wakaandika tena. Wameacha mazimwi yao. Wanasema kitabu cha tatu wamekichapa, wamekipitisha mkono kwa mkono ofisini na wameshagawanyika kambi mbili hukohuko, hawasalimiani. Hadithi inabaki. Jina lake linabaki, la kwanza kabisa, juu ya langu."

Mgonjwa aligonga kioo cha dirisha. Mama Faili alimwonyesha kidole: subiri. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumwonyesha mgonjwa kidole.

"Ila watataka kujua kweli," Kibodi aliendelea. "Ikija siku ya kuandika waliotengeneza. Tuseme nani aliyezichana?"

"Wanyamavu wangesema nini?"

"Hawasemi."

"Basi na mimi sisemi."

Akakata simu, akamhudumia mgonjwa, akamwomba radhi. Kisha akalichukua faili la mdogo wake lililokaa kando ya meza wiki nne. Lilikuwa jembamba sana. Siku tisa za ugonjwa, joto, presha, dawa, saa. Hakuna kengele humo. Hakuna mvungu wala kabati. Akapiga muhuri, akalipeleka rafu ya nyuma, akaliweka mahali pake, na kwa mara ya kwanza hakusikia kuwa amelipanga vizuri.

Gemu lilipotoka, miezi mitano baadaye, Kibodi alileta kompyuta nyumbani siku ya mapumziko. Mama Faili alikufa mara sita mlimani, mara mbili kwa kuangushwa na mbuzi. Alikataa msaada. Alasiri nzima alipanda, akitukana kwa adabu, mpaka akafika kwa Wanyamavu. Mzee wao, asiyesema neno, akampa kitabu cheusi. Akahesabu vishina kwa kidole kwenye kioo. Ishirini na kimoja. Akageuza. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Alijua hakuna kitu na bado kila ukurasa aliusogelea, labda. Sabini na moja akasimama, akaweka kidole gumba chake juu ya kile cha kijani. Kioo kilikuwa cha moto kidogo kwa kuwaka muda mrefu.

"Ungesema tu," alimwambia. "Ningeacha foleni. Ungesema."

Mama yake alichungulia mlangoni na sufuria mkononi. "Umeshinda?"

"Sijui, Mama. Hawasemi."

"Basi sogeza hayo madude, tule."

Hakuyasogeza mara moja. Akageuza sabini na mbili.